Meno ya Mrushaji

Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na kabla sijajua kusoma a-e-i-o-u nilikuwa tayari najua kusoma kinywa cha ng'ombe. Siku za mnada alinipakia kwenye baiskeli, akanisimamisha kando yake katikati ya vumbi, akamshika dume puani kwa vidole viwili, akaufunua mdomo wa chini na kuniuliza, "Mangapi, mayu?" yaani mama, ndivyo alivyozoea kuniita. Nikisema manne na kweli yakawa manne, nilinunuliwa muwa. Nikikosea alinicheka mbele ya wachuuzi wote, na wachuuzi wakacheka naye. Nilijifunza haraka sana. Meno makubwa mawili, huyo bado kijana. Yanafuata manne, sita, manane, hapo amejaza. Yakishaanza kusagika na kuwa mafupi kama kucha, huyo ni mzee, hata kama mwenye mali anaapa mikono juu.

Baba alikuwa na jambo lingine ambalo mimi sikulishika. Kabla hajamgusa ng'ombe, alimuuliza mwenye mali anamchungia wapi, majani ya huko yakoje, maji anakunywa kisima gani. Mazungumzo hayo yalikuwa marefu na jua lilikuwa linaniunguza utosi. Niliyachukulia kama salamu tu, adabu za wazee kabla ya kutajiana bei. Nikabeba meno, salamu nikamwachia yeye.

Nilipokuwa mtu mzima nikawa mwalimu wa sekondari Kagongwa. Nilifundisha jiografia, na michezo nilitwishwa. Siku moja mkuu wa shule aliniita ofisini, akanionyesha mabegi mawili meusi yaliyojaa glavu, mipira midogo migumu na marungu ya kupigia, msaada kutoka kwa wageni fulani. Akaniambia nakwenda Mwanza kwenye semina ya wiki moja ya besiboli, kwa sababu mwalimu wa kiume aliyepangwa alikuwa ameshikwa na mgongo. Nilikwenda, nikarudi na cheti, kofia na filimbi. Kuanzia siku hiyo mimi nilikuwa mtaalamu pekee wa besiboli kwenye njia yote ya kutoka Kagongwa kwenda Geita, na sikumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne, tunaviita besi. Sisi besi zetu zilikuwa viroba vilivyojazwa pumba, maana uwanja wetu ulikuwa nyuma ya mashine za mpunga, na pumba ndicho kitu pekee tulichopewa bila kuomba. Upepo ukivuma ziliingia machoni na midomoni. Mtoto aliyelalamika nilimwambia aende akacheze rede na dada zake.

Timu yangu ilikuwa ya watoto wa wafugaji, na kwa kurusha sikuhitaji kuwafundisha kitu. Mtoto aliyekulia machungani ameshawarushia ng'ombe mawe tangu anaanza kuvaa kaptula. Lakini mrushaji bora niliyepata kumwona hakuwa mtoto wa mfugaji. Alikuja katikati ya mwaka kutoka Geita, kidato cha kwanza, yeye na mama yake tu. Mama alifungua genge la chakula pale yanapoegeshwa malori ya mchele. Huko Geita walikuwa wakiishi kwa magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa ukishayamaliza huyatupa, na watu huyagombea, wakayapasua na kuyapeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, wapate chembe iliyobaki. Kazi ya mtoto huyu, tangu akiwa mdogo kabisa, ilikuwa kurusha magwangala kutoka chini hadi juu ya lori.

Alikuwa na mabega ya mpagazi. Sauti ilikuwa imekwaruzika, na viganja vyake ungedhani ni vya baba yangu. Siku ya kwanza nilimpa mpira kwa dharau, nikamwambia arushe tuone. Aliyekuwa anadaka akaenda chini chali, glavu na yeye, akabaki amekaa kwenye pumba anautazama mkono wake. Darasa zima likapiga kelele. Mimi sikupiga kelele. Niliusikia moyo wangu ukifanya kama wa baba alipoona dume zuri likishuka kwenye lori.

Nilimpenda yule mtoto? Hapana, na sitadanganya leo. Nilimtaka.

Basi ikaja habari kwamba watu wawili wanatoka Dar kutafuta vipaji. Kutoka kanda yetu watachukua mchezaji mmoja tu, apelekwe shule ya bweni mjini, asome, ale, alale na afundishwe besiboli na makocha wa kweli, bure mpaka amalize kidato cha nne. Sharti lilikuwa moja, awe hajafikisha miaka kumi na tano. Nilipowatangazia uwanjani, yule mrushaji alisubiri wenzake waondoke, akanifuata akiwa ameukumbatia mpira.

"Madam, nikichukuliwa, mama hatarudi tena kwenye mawe. Genge hapa haliendi. Anasema akikosa kodi tutarudi Geita."

"Usiote mchana," nikamwambia. "Nenda karushe."

Siku ya kupima watoto walifika asubuhi mapema, wengine kwa miguu kutoka vijiji vya Ushetu, viatu wamevishika mkononi visichakae. Wale wawili kutoka Dar walishuka kwenye gari wakiwa na miwani ya jua na chupa za maji. Kila mtoto aliandikwa namba kwenye mkono wake kwa maka peni, mimi ndiye niliyeandika. Tuliwapima urefu, tukawapima mikono ikiwa imetanuliwa kwa futi ya fundi cherehani, tukawakimbiza kwa saa, tukawarushisha mpira. Kasi ya mpira ilipimwa kwa tochi kama ile ya trafiki. Aliyeshindwa nilimkata namba yake kwa mstari, palepale mkononi, mbele ya wenzake, kisha akaenda kukaa kwenye rundo la pumba. Hiyo ilikuwa fikra yangu mwenyewe, hakuna aliyeniagiza. Kuna mtoto mwembamba alikuwa amekimbia vibaya kwa sababu ya kidonda cha mguu, akaficha mkono mgongoni nisimkate. Nilimzungusha, nikamkata. Wale mabwana wakacheka, na mimi nikajiona mchapakazi.

Mrushaji wangu alipoingia, yule mwenye tochi aliitazama, akaigonga kwa kiganja, akamwambia arushe tena. Akarusha. Wakatazamana. Akarusha mara ya tatu na mwenzake akavua miwani.

"Huyu umemtoa wapi, Madam?"

"Nimemtengeneza," nikajibu, mtu mwenye cheti cha wiki moja.

Kufikia mchana walibaki wawili. Wa pili alikuwa mvulana mrefu kutoka boma moja la Ushetu, mtoto wa ng'ombe nyingi, mpole, anayerusha vizuri ila hamfikii mwenzake hata kwa mbali. Ndipo hoja ya umri ikazuka. Yule mwenye tochi alisema vyeti vya kuzaliwa vya huku haviamini, mwaka uliopita walibeba mtoto wa kidato cha kwanza kumbe ananyoa ndevu kila asubuhi. Huyu wa Geita naye hakuwa hata na cheti. Mama yake alisema kadi ya kliniki iliungua pamoja na kibanda chao cha turubai.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nipeni wiki moja tutafute karatasi. Badala yake nilisema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Umri mimi nitawatajia sasa hivi. Mimi ni mtoto wa dalali wa ng'ombe."

Walifurahi mno. Mmoja akatoa simu arekodi. Wale watoto waliokatwa wakainuka kwenye pumba, wakatuzunguka. Nilianza na yule wa Ushetu. Nikamshika kidevu, nikamwambia apanue. Meno meupe, marefu, yenye makali yake yote, meno ya mtoto aliyelelewa kwa maziwa. "Ndama," nikasema. Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Nikamgeukia mrushaji. Alikuwa anatabasamu bila kufungua midomo. Nilipomshika kidevu alirudi nyuma kidogo, nikambana zaidi. Alipanua. Meno yake ya mbele yalikuwa mafupi, yamesagika yakawa sawasawa kama yaliyopigwa tupa, na magego yalikuwa bapa, hayana vilima hata kimoja. Nilikuwa nimeyaona meno ya namna ile mara nyingi mno, kwenye ng'ombe ambao baba aliwaambia wachuuzi wawaachie wa buchani. Sikusita. Nilichosikia ni furaha tu ya kujua jibu.

"Huyu si wa kumi na nne," nikasema. "Huyu ana kumi na tisa, ishirini. Tumeletewa babu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Nilimwachia kidevu, alama za vidole vyangu zikabaki pale. Alifunga mdomo na kuutazama uso wangu, akisubiri niseme natania.

Mama yake alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja na sufuria ya maandazi aliyowaletea wageni. Aliiweka chini, akaja mbio.

"Mwalimu, mtoto wangu ana miaka kumi na nne. Nimemzaa mwenyewe, nawezaje kusahau? Nilimzaa masika yale duara la jirani yetu, shimo lake la dhahabu, lilipotitia na watu ndani."

"Mama, maduara yanatitia kila masika," nikamwambia. "Nitajie mwaka."

Alifungua mdomo na mwaka haukutoka. Mimi mwenyewe nimezaliwa mwaka wa ukame, ndivyo baba anavyousema hadi leo, na tarehe iliyo kwenye cheti changu ilikisiwa na mwalimu wangu wa darasa la kwanza baada ya kunipitisha mkono juu ya kichwa aone kama nagusa sikio. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Nilichukua maka peni, nikamkata mrushaji wangu namba yake, kwenye mkono uleule wa kurushia.

Ningekuwa nimehongwa, ningekuwa na kitu cha kutubu na watu wangenielewa. Sikuhongwa hata soda. Niliamini macho yangu.

Wa Ushetu aliondoka na gari lile jioni ileile, na mama yake akapiga vigelegele mpaka lilipopotea. Mrushaji alibaki, na jina la Babu likabaki naye. "Babu, shikamoo," walimwambia asubuhi akiingia getini. Waliinama wakajifanya wanashika mikongojo. Video ile ilizunguka kwenye simu za Kagongwa nzima hadi wapakiaji wa mchele wakawa wanamwomba afunue kinywa. Mimi nami, siku moja darasani, nilipouliza mji mkuu wa nchi fulani na hakuna aliyejua, nikasema, "Tumuulize Babu, yeye ameona mengi." Nililisema hivihivi, kwa kuwachangamsha. Wiki iliyofuata hakuja shule. Iliyofuata tena nilipita kwenye genge la mama yake nikakuta mafiga matatu na majivu yamelowa mvua. Nilijisemea kwamba wadanganyifu ndivyo walivyo, wakishikwa wanahama.

Ikapita miezi tisa. Nikiwa nasahihisha mitihani simu ikaita, alikuwa yule bwana wa tochi, na nyuma yake nilisikia watu wengine wakicheka.

"Madam, yule ndama wako tumempiga picha ya mifupa. Amejaza huyo! Tulipombana akasema kweli, ana miaka ishirini na mbili na ameacha mke na mtoto huko Ushetu."

Nilisikia masikio yakiwaka moto.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Nafasi iko wazi. Yule mwingine, mwenye mkono, tumeiangalia tena video yake. Ukipata karatasi ya kweli kwamba hajafika kumi na tano, mlete kabla ya Ijumaa. Na safari hii tafadhali usitutajie meno."

Kesho yake nilipanda basi la Geita. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilijiona nikishuka, nikitangaza habari njema, mama akilia, mtoto akinisamehe palepale, na mimi nikirudi naye Kagongwa akiwa amekaa dirishani. Nadhani hata nilitabasamu. Ndivyo nilivyo, hata kutubu kwangu nilitaka nionekane nimefanya vizuri.

Niliwapata kwa kuulizauliza, kwenye eneo la makarasha nje ya mji. Bodaboda alinishusha mbali kidogo, akasema hapeleki pikipiki yake kwenye vumbi lile. Mashine zilikuwa zinanguruma upande huu na upande huu, na kila kitu kilikuwa na rangi moja ya majivu, mabanda, mbwa, majani ya mti, kope za watu. Mama alikuwa anapikia chini ya turubai. Aliponiona alijifuta mikono kwenye kanga na kunivutia ndoo nikae.

"Karibu, Mwalimu. Za Kagongwa?"

Ningependa angenitukana. Nilimweleza kila kitu kwa haraka, kuhusu wa Ushetu, kuhusu simu, kuhusu Ijumaa. Nilisema nimekosa. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko, halafu akaita kwa sauti kuelekea kwenye lori. Mvulana alishuka kutoka juu ya mawe. Alikuwa amerefuka. Alikuja, akasimama mbele yangu, akasema, "Shikamoo, Madam," huku ameziba mdomo kwa kiganja. Nikaitikia. Alipozungumza tena hakukitoa kile kiganja, na ilinichukua muda kuelewa kwamba sasa ndivyo anavyozungumza na watu wote.

"Karatasi tu ndiyo inatakiwa," nikawaambia. "Kitu chochote cha hospitali."

Mama aliingia ndani ya kibanda, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kadi mpya.

"Baada ya siku ile nilikwenda kwenye dispensari niliyomzalia," akasema. "Nesi alinitafutia kwenye madaftari ya zamani siku mbili, akanakili. Nilitaka nikuletee, Mwalimu, uone sikuwa mwongo. Nikafika stendi, nikaona aibu, nikarudi."

Niliisoma ile kadi. Ilikuwa na mhuri, jina la mama, uzito wa mtoto, tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Siku ile uwanjani alikuwa na miaka kumi na nne na miezi mitatu. Kumi na tano alikuwa ameitimiza wiki mbili na nusu kabla ya mimi kupanda basi.

Nilisogea pembeni nikampigia yule bwana. Nilimwomba. Sijawahi kumwomba mtu vile. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, mtoto asiadhibiwe kwa wiki mbili na nusu. Alivuta pumzi, akasema tarehe ni tarehe, na kwamba mimi ndiye niliyewaonyesha kwamba kwenye umri hakuna huruma. Akakata.

Niliporudi hawakuniuliza. Walikuwa wameshaniona usoni. Mvulana peke yake ndiye aliyezungumza, kiganja kikiwa palepale.

"Kwa hiyo Madam, sasa ndiyo nimezidi kweli?"

"Ndiyo," nikasema. "Sasa umezidi."

Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu. Juu ya lori mwenzake alimwita amalizie mawe. Mama akamwambia asubiri ale kwanza, na mimi nikapakuliwa sahani ya wali na maharage, mgeni hawezi kuondoka hivihivi. Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa wali mweupe, umepikwa vizuri, una harufu ya mchele wa kwetu. Nikatia tonge mdomoni nikatafuna.

Ukalia mdomoni. Mchanga. Si punje moja ya bahati mbaya, mdomo mzima, laini na mkali, ukisaga kila meno yangu yalipokutana, mpaka nikausikia masikioni. Nikaacha kutafuna. Kule Kagongwa ningetema.

"Tafuna tu, Mwalimu," mama akasema, kwa upole, kama anayeniomba radhi. "Ni vumbi la karasha. Hata uoshe mchele mara ngapi halitoki, linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Huyu amekula hivi tangu anaota meno."

Nikamkumbuka baba mnadani, jua la utosi, na yale maswali yake marefu kuhusu ng'ombe alikochungiwa, kabla hajamfunua mdomo.

Nikatafuna. Mvulana alikuwa amekaa mbele yangu na sahani yake magotini, ameutoa mkono mdomoni ili ale, na alikuwa ananitazama kinywani.